Nani Analipa Mtu wa Kuzuia?

Desemba 2023 Twiga Stars walifungwa 2–0 ugenini Togo, na siku hiyo Watanzania tulishangilia. Nyumbani tulikuwa tumeshinda 3–0, kwa hiyo jumla ikawa 3–2 na tiketi ya WAFCON ikawa yetu, mara ya kwanza tangu mwaka 2010. Ukimuuliza mtu hapa chuoni nani alitupeleka huko, atakutajia washambuliaji. Sawa, magoli matatu hayakujifunga yenyewe. Lakini Togo walihitaji goli moja tu kusawazisha, na hilo goli halikupatikana. Nani alilizuia? Hapo watu wanaanza kukuna vichwa.

Mimi ni mtu wa Gairo, mwaka wa pili, beki wa kati wa timu ya wasichana ya kitivo chetu. Kwangu mpira ni wa jioni tu, baada ya lekcha. Ila nyumbani nina mdogo wangu wa kike, naye ni beki, ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na kwake mpira si wa jioni. Alianza UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, sasa yuko UMISSETA. Anacheza kwenye uwanja ambao kiangazi upepo wa Gairo ukivuma, vumbi linamficha golikipa. Huyu mtoto anataka mpira uwe kazi yake ya kumlisha, kama ualimu au unesi.

Likizo iliyopita suala hilo lilifika mezani. Mtu wa timu moja ya Dar, ambayo sitaitaja, alimwona kwenye mashindano akampigia mama simu. Aje ajiunge na timu, shule atahamishiwa hukohuko, atapewa chakula, malazi na posho "kadiri hali itakavyoruhusu". Basi la kutoka Dodoma linasimama Gairo kila siku, alisema, ni kupanda tu.

Sisi ni Wakaguru, na kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Jambo kama hili halipiti bila mjomba. Mjomba akaja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo bado liko masikioni mwangu: "Angekuwa mfungaji ningeelewa. Huyu anakaa nyuma, anazuia. Nani analipa mtu wa kuzuia?" Halafu wote wakanigeukia mimi, msomi wa ukoo, nijibu.

Nikamwambia, "Mjomba, unakumbuka mtama wa bibi? Nani alikuwa anaamia ndege?" Akacheka, maana alikuwa yeye. Asubuhi mpaka jioni yuko shambani na kombeo. Siku ya mavuno alisifiwa aliyelima, akasifiwa aliyepanda, hata mvua ilishukuriwa. Aliyefukuza ndege hakutajwa, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri hakuna cha kuonyesha. Huwezi kuonyesha mtama ambao haukuliwa. "Basi," nikasema, "ndiyo kazi ya beki hiyo."

Mjomba akakubali kwamba ni kazi. Lakini aliuliza analipwa na nani, na jibu la hilo linahitaji ushahidi, si mfano wa mtama.

Tuangalie basi. Wachezaji wetu wa kike wanaotajwa zaidi wakienda nje ni washambuliaji. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga yuko kwenye orodha hiyo kwa magoli yake Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement naye ni mfungaji. Mshambuliaji ana kitu cha kubeba: idadi ya magoli, na video ya dakika tatu anayoweza kumtumia wakala popote duniani.

Sasa mtazame Julietha Singano. Huyu ni beki. Alicheza Simba Queens, akavaa jezi ya Twiga Stars, kisha akachukuliwa na FC Juárez, klabu ya Mexico katika mji uliopakana na Marekani. Ligi ya wanawake ya Mexico ilianza mwaka 2017 tu, yaani ni changa kama yetu, ambayo msimu wake wa kwanza ulikuwa 2016/17 na Mlandizi Queens wakawa mabingwa. Fikiria hiyo safari: klabu ya upande wa pili wa dunia inamtafuta mtu wa kuzuia, na kwa ajili hiyo inakuja mpaka Tanzania. Nilimwonyesha mjomba picha yake kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Na huyu hafungi?" Nikamwambia kazi yake si hiyo.

Beki hanunuliwi kwa video ya dakika tatu. Anayetaka kumjua lazima aangalie mechi nzima, dakika 90: anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, anampanga vipi mwenzake, anafanya nini baada ya kupitwa. Ndiyo maana beki anahitaji ligi ya kweli kuliko mshambuliaji anavyoihitaji. Anahitaji mechi nyingi, zinazorekodiwa, dhidi ya watu wagumu. Pale WAFCON nchini Morocco, Julai 2025, Twiga Stars walifungwa na Mali na Ghana, lakini katikati walitoka 1–1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Tulitangulia kwa goli la Opa Clement, na aliyewasawazishia wenzetu ni beki wao, Bambanani Mbane. Mechi kama ile ndiyo wasifu wa kazi wa beki.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mjomba ni kwamba walipaji wapo. La pili ndilo lililotufanya tukae mpaka usiku. Kama kazi yako haionekani kwa macho, maslahi yako lazima yaonekane kwenye karatasi. Mfungaji akidhulumiwa, mashabiki watapiga kelele. Beki akidhulumiwa, timu itatafuta mwingine na wengi hawatajua kama aliondoka.

Nikatoa daftari nikawaandikia ninayoyajua, maana sheria zipo ila watoto wetu hawaambiwi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Vilevile, uhamisho wa kwenda nchi nyingine kwa kawaida haukubaliwi kabla ya miaka 18, kwa hiyo anayemwahidi binti wa miaka 16 kwamba mwezi ujao atampeleka Ulaya, huyo wa kuogopwa. Tangu Januari 2021 mchezaji wa kulipwa akipata ujauzito ana haki ya likizo isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara wake. Mama alinifanya nirudie hiyo mara mbili. Yeye alikuwa anajua tu kwamba binti akipata mimba safari yake imeishia hapo.

Kuna moja ambayo haikumfurahisha mtu. Kwa wanaume, klabu iliyomlea kijana inaweza kudai fidia ya mafunzo anapokwenda kuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa wanawake kanuni hizohizo zinasema fidia hiyo haihusiki. Nia ni kuwarahisishia wasichana kuhama, na naielewa. Lakini maana yake kijijini ni kwamba klabu ndogo itakayomlea beki wa kike kwa miaka mitano haina cha kudai kwa jina hilo siku akipaa. Halafu tunashangaa kwa nini timu za wasichana zinaundwa wiki mbili kabla ya mashindano na kuvunjwa wiki moja baadaye.

Kisha kuna mwili. Beki anaruka, anateleza, anageuka ghafla kumkimbiza mtu, na wataalamu wa tiba ya michezo wanajua kwamba wanawake huumia kano ya goti, ile ACL, mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Ukichanika, ni miezi mingi nje. Nani atalipa upasuaji? Nani atalipa posho miezi hiyo? "Kadiri hali itakavyoruhusu" si jibu.

Mama alimpigia yule mtu wa Dar kesho yake, spika ikiwa wazi na sisi tukiwa tumeizunguka simu. Aliuliza mambo matatu tu: mkataba uko wapi, shule gani, na akiumia nani anamtibu. Yule bwana akasema mambo ya karatasi yatafuata mtoto akishafika. Mjomba akamjibu kwa upole kabisa kwamba hata mbuzi haondoki mnadani Gairo kabla bei haijatajwa. Hakupiga tena.

Mdogo wangu alilia siku mbili. Simlaumu. Kwa mtoto wa miaka 17, basi lililopita linaonekana kama la mwisho. Hapo ndipo ninaposumbuka mpaka leo, kwa sababu huenda kweli likawa la mwisho. Singano mmoja haimaanishi kila beki wa UMISSETA atafika Mexico. Wengi hawatafika hata Ligi Kuu. Ndiyo maana tulikubaliana amalize kidato cha nne, acheze kila mechi inayopatikana, na mechi zake zirekodiwe nzima, hata kwa simu. Nimebana bumu langu nikamnunulia kistendi cha simu, na rafiki yake mmoja ndiye anayerekodi.

Nimeandika haya hapa kwa sababu kwenye kampasi hii wapo wanaosoma sheria, wanaosoma uhasibu, wanaosoma tiba. Kila wilaya mnayotoka ina msichana kama huyu, na kila msichana kama huyu siku moja atapigiwa simu. Anahitaji mtu mmoja tu wa kwao anayeweza kusoma mkataba wa kurasa nne na kusema, "Hapa wameacha kitu." Inachukua nusu saa.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe. Walikuwa wamefungwa 1–0, kwa penalti. Akaniuliza: "Dada, timu ikifungwa beki analipwa?"

Nikamjibu analipwa, mkataba ukisema hivyo. Akaandika, "Basi nitumie mfano wa mkataba niusome." Nimemtumia.