Goma: Sahani ya saa tatu ya usiku

Katika kartie Ndosho, mjini Goma, watu tisa wanalala katika nyumba moja ya mbao yenye vyumba viwili. Mama mmoja wa miaka 46 aliingia humo mwezi wa pili 2024, alipokimbia vita ya Sake pamoja na watoto wake watatu. Yaya yake ndiye aliyempokea.

Tangu siku hiyo, chakula kikubwa kinaliwa saa tatu ya usiku. Si kwa kupenda. Mama huyo anauza sambaza sokoni mpaka jua linazama, na makala yananunuliwa kwa pesa ya siku ileile. Shemeji yake, ambaye ni motari, anarudi akiwa amechelewa. Kwa mgeni aliyepewa mahali pa kulala, kula kabla mwenye nyumba hajafika ni kukosa heshima.

Mama huyo ana ugonjwa wa sukari. Kwenye kituo cha afya walimwambia apunguze uzito, wakampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni. Sokoni wenzake wakamwambia mengine: bugali ya usiku ndiyo inaleta tumbo, acha kula usiku na utakonda. Akaona shauri hilo ni zuri mara mbili. Yeye atapungua, na sahani yake itabaki kwa watoto. Hili la pili hakulisema kwa mtu.

Usiku wa nne aliamka amelowa jasho. Mikono ilitetemeka, maneno yake hayakueleweka. Binti yake alifikiri ni malaria. Ni yaya aliyekumbuka kwamba mama yao pia alikuwa na ugonjwa huo. Alimwinua, akakoroga sukari katika maji, akamnywesha kidogo kidogo. Muda si mrefu mgonjwa akaanza kujibu alipoitwa.

Asubuhi, muuguzi alimweleza kwamba vidonge vya aina anayomeza vinashusha sukari ya damu hata kama tumbo ni tupu. Anayevimeza bila kula anaweza kuzimia, hata kufa. Vidonge viende pamoja na chakula, na mtu asiache mlo wowote kabla ya kuuliza.

Je, wenzake wa sokoni walisema uongo? Si wote. Mwili una saa yake, na jioni unashughulikia sukari vibaya kuliko asubuhi. Mwaka 2022, watafiti wa Boston, Marekani, walichunguza watu 16 wenye uzito wa kupita kiasi. Waliwapa chakula kilekile kwa saa mbili tofauti: mara moja mapema, mara nyingine kikichelewa kwa muda wa saa 4 hivi. Walipochelewa kula, njaa yao iliongezeka na mwili ukatumia nguvu kidogo zaidi. Lakini uchunguzi huo ulikuwa wa siku chache, haukupima kama walinenepa. Kinachoamua uzito zaidi ni jumla ya chakula cha siku nzima. Na anayeshinda bila kula ndiye anayejaza sahani sana usiku.

Usingizi nao unaguswa. Mtu akilala mara tu baada ya kushiba, uchungu wa tumbo unapanda kifuani na kumwamsha. Ndiyo maana inashauriwa kuacha saa mbili au tatu kati ya chakula na kulala. Lakini njaa pia haileti usingizi.

Haya yote ni kwa mtu mzima aliyeambiwa na muganga apunguze uzito. Hayamhusu mtoto anayekula mara moja kwa siku, wala mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwao, chakula cha saa tatu ya usiku ni bora kuliko kulala na njaa.

Katika nyumba ya Ndosho, shida ilibaki moja: nani atamwambia shemeji? Yaya alisema naye usiku uleule wa pili. Shemeji alikaa kimya, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Hakuwahi kudai angojewe.

Sasa maharagi yanaloweshwa toka usiku ili yasile makala mengi. Binti anayapika akitoka masomo, na saa kumi na mbili na nusu jioni mama anameza kidonge na kula pamoja na watoto. Sahani ya shemeji inafunikwa. Uzito haujapungua sana bado. Lakini mama analala mpaka asubuhi, na karibu na kichwa chake kuna kikombe chenye sukari, ambacho watoto wote wanajua ni cha nini.