Kwenye kodi, sema unamtaka mtoto wa nani

Vijana wenzangu, niko Kakuma. Mimi najitolea kwenye darasa la kompyuta, na swali linalorudi kila wiki ni hili la "watoto" kwenye CSS, ile lugha ya kupamba kurasa za wavuti.

Kwetu ukiita watoto wa mzee fulani, wanakuja wote: aliowazaa, wajukuu, hata yule wa ndugu yake aliyepotelea vitani. Hakuna anayebaki nje. CSS haiko hivyo. Lazima useme unamtaka nani.

Chukua ratiba ya mgao wa chakula. Kila zoni ni li moja, na ndani yake kuna orodha ndogo ya vitu vya kuja navyo: kadi, gunia, chupa ya mafuta. Unataka zoni tu ziwe na mpaka mnene. Ukiandika .ratiba li, ile nafasi katikati inabeba kila li iliyo ndani, mpaka vitukuu. Basi hata chupa ya mafuta inapata mpaka, na mama mwenye simu ndogo hajui zoni yake inaanzia wapi. Andika .ratiba > li, utapata watoto wa kuzaa tu. Ila kumbuka, rangi ya maandishi hurithiwa: ukimpaka mzazi, inashuka hadi kwa wajukuu. Mpaka haurithiwi.

Kuna pia kuchagua kwa nafasi. :first-child ni kifungua mimba, :last-child ni kitinda mimba, :nth-child(2) ni wa pili. Hesabu inaanza 1, sio 0.

Hapo sasa ndo pa kuwa makini. Tuseme zoni ya pili imebadilishiwa siku, ukaitia wekundu kwa :nth-child(2). Kesho mwenzako anaongeza zoni nyingine juu. Wekundu unabaki pale pale namba 2, lakini aliyekaa hapo ni mwingine. Kompyuta haioni kosa lolote. Anayeumia ni mtu aliyetembea juani siku isiyo yake, akarudi na gunia tupu.

Kwa hiyo ipe ile zoni klasi yake, mfano .siku-imebadilika. Hata ikisogezwa chini, rangi itaifuata.

Nafasi tumieni kwa mapambo. Habari ambayo mtu anaitegemea ale, ipeni jina. Sisi tuliopanga foleni nyingi tunajua: namba hubadilika kila asubuhi, jina lako unabaki nalo.