Tokeni za Mamangu

Mamangu alikuwa akiweka simu kwenye sidiria, upande wa kushoto, pamoja na noti zake. Siku hizi inakaa mfuko wa aprini. Nimemwambia sentimita 15 kutoka kwenye kifaa zinatosha, lakini anasema daktari ana hospitali yake, na kifua ni chake.

Alianguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Majirani walisema ni presha, wengine eti kuna mkono wa mtu. Daktari alisema moyo unapiga mara 34 kwa dakika, umeme wake unakwama kati ya vyumba vya juu na vya chini.

"Kwa hivyo stima inapotea," mathe akasema. Daktari akacheka, akakubali. Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Pesimeka yenyewe ni kama kiberiti, imelala chini ya ngozi karibu na bega, nyaya zimepitia kwenye mshipa hadi moyoni. Inausikiliza moyo; ukichelewa, inaushtua. Wiki za kwanza hakuruhusiwa kuinua mkono wa kushoto juu ya bega, kwa hivyo nilimsuka mimi. Vibaya sana. Usiku mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama siku yake ikifika hicho kitu kitamzuia kwenda. Nilisema hapana, mwili ukichoka kabisa hakiwezi kuulazimisha. Akalala vizuri. Mimi sikulala.

Harambee ilileta nusu ya pesa. Nusu nyingine ilikuwa karo yangu ya mwaka wa tatu. Hakuna aliyeniomba; niliitoa mwenyewe, nikasema nitarudi chuo Januari. Sikusema Januari gani. Sasa naandikia watu makala mtandaoni, wakilipa wamelipa. Wageni wakiuliza nilisomea nini, mathe anajigusa kifuani: "Digrii yake iko hapa." Wao hucheka. Mimi huenda kuangalia chai.

Juzi kliniki walimwekea kidude juu ya kifua, namba zikatokea kwenye skrini. Betri ina miaka 9. Haichajiwi, ikikaribia kuisha wanabadilisha kifaa.

Kwenye matatu alihesabu kwa vidole.

"Wewe ulikuwa umebakisha miaka mingapi?"

"Miwili, Mum."

"Si basi tokeni zinatosha."

Konda alikuwa ameshafika. Nikalipa ya watu wawili.