Kigeu Kisichopewa Thamani

Katika miaka yangu yote ya kazi ya kompyuta, ambayo aghalabu niliipitisha Dar es Salaam, hapana kilichonifadhaisha kama kigeu kimoja kilichoitwa ruka, ambacho hapana miongoni mwetu aliyekumbuka kukipa thamani ya mwanzo.

Sheli ya Unix, ile aliyoiandika Stephen Bourne katika Bell Labs na ikatoka na toleo la saba mwaka 1979, pamoja na zilizoifuata, ina tabia hii: ukikitaja kigeu ambacho hukukitia kitu, haikukemei, bali hukihesabu kuwa kitupu na kuendelea, na ikiwa jina lile lina thamani iliyoachwa na mwingine, huitwaa hiyo hiyo kana kwamba ndiyo uliyoikusudia.

Skripti zetu za majaribio zilikuwa faili arubaini, zikisomwa moja baada ya moja ndani ya sheli moja. Tulipohamia seva mpya, faili ya kumi na moja, ilipokosa programu iliyoihitaji, iliandika ruka=1 ili ijiruke yenyewe; na zilizofuata, kwa kuwa hakuna hata moja iliyoanza kwa kukifuta kigeu kile, zilikirithi, zikajiruka zote ishirini na tisa, ilhali taarifa ilisema hapana kosa. Aliyezindukana ni binti aliyekuwa akijifunza kazi kwangu.

"Shikamoo, mzee," aliniambia asubuhi moja. "Mbona majaribio ya nusu saa siku hizi yanakwisha kwa dakika sita?"

Nilishindwa kumjibu. Wiki tatu tulikuwa tumewakabidhi wateja programu kwa ushahidi wa majaribio yasiyofanyika, na jambo hilo hata leo linaniuma.

Tulitia kichwani pa kila faili mstari mmoja, ruka=, kisha tukaamuru kila faili iendeshwe katika sheli yake. Tuliongeza na set -u, inayoisimamisha skripti panapotajwa kigeu kisichopata kuwekwa, ingawa peke yake isingaliona kosa ndani ya zile faili ishirini na tisa, maana humo kigeu chetu hakikuwa kitupu: kilibeba thamani ya jirani. Wapo waonao mstari ule wa kichwani kuwa ni wa ziada. Mimi nauona ni wajibu, kwani hata sheli mpya hurithi vigeu kutoka mazingira ya aliyeiita.

Tulipoyaendesha majaribio upya, faili nne kati ya zile ishirini na tisa zilianguka, zote kwa makosa ya kweli.