Pwani za Ziwa Karibu na Kalemie: Tupeleke Watoto Wapi Vakansi Hii?

Wamama wapenzi, vakansi kubwa imeanza na watoto wote wako nyumbani. Wengi wenu mmetuuliza ni pwani gani karibu na mji wetu inafaa kwenda na jamaa siku ya posho ao siku ya Mungu. Tumezunguka, tumeuliza, tumeoga na samaki tumekula. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Tuanze na mchanga wa mjini, ule watu wanaouita plaji. Hauna haja ya nauli, mtu anashuka kwa miguu tu, na jioni upepo ni mzuri. Lakini wenye miaka yetu wanakumbuka ulivyokuwa mpana. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za kando, na jamaa nyingi zikahama na magodoro kichwani. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa hapa kwetu. Maji mengi kuliko yanayopita Lukuga yanaondoka kwa jua na upepo. Basi mvua ikizidi Burundi, Tanzania, Zambia ao hapa Kongo, ziwa linajaa haraka na kupungua polepole. Pale nyumba zilipoanguka, matofali na misumari vinaweza kubaki chini ya maji. Watoto wavae sandali, hata ndani ya maji.

Na tusifichane: mji wetu unaijua kolera. Maji ya ziwa karibu na nyumba nyingi na mifereji si ya kunywa, hata yakionekana safi namna gani. Bebeni maji ya kuchemshwa ao yaliyotiwa dawa, na sabuni. Plaji ya mjini tunaipenda kwa kutembea, kukaa na kuangalia mitumbwi. Kwa kuogesha watoto wadogo, tungeenda mbali kidogo.

Upande wa kaskazini, kuelekea Mtoa, pwani zimetulia zaidi. Jina la Mtoa ni kubwa kuliko kijiji chenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji ilitua huko, na watumwa na pembe za ndovu zilipitia huko kwenda ng'ambo. Kiswahili tunachokisema nyumbani kilikuja huku na misafara ya namna hiyo. Tuliwaeleza watoto jambo hilo tukiwa tumekaa kwenye mchanga, wakauliza maswali ambayo hatukuwa na majibu yake yote.

Katika njia hiyo tuliona pwani moja nyeupe, pana, bila mtu hata mmoja. Vijana wetu walishaanza kuvua mashati. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo karibu akatupigia kelele: “Wamama, hapo sisi hatutekeagi maji!” Nyuma ya mawe kulikuwa na kijito kinachoingia ziwani, na matete mengi. Mamba anapenda mahali pa namna hiyo, na kiboko naye. Alituonyesha mahali pengine, mwendo wa dakika kumi, ambapo wamama walikuwa wanafua na watoto wao wanaruka majini. Mchanga wake ni wa rangi ya udongo, haupendezi kwa picha. Tulikaa pale mpaka saa kumi.

Toka siku hiyo tunafanya hivi: kwenye kila pwani tunatafuta kwanza wamama wanaofua na kuteka maji, tunasalimia, tunauliza. Wao wanajua mamba alionekana wapi juma lililopita, na wapi penye mawe panaporomoka ghafla kwenye kina. Ziwa hili linafika metro 1470 kwenda chini, ni Baikal tu la Urusi linalolishinda. Pwani isiyo na mama anayefua, sisi tunapita.

Kuna na kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huu wanakaa kwenye maji yaliyotulia, ya kina kifupi, penye majani. Vidudu vinatoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali na vinaingia kwa ngozi, mtoto hasikii kitu. Ni afadhali kuoga asubuhi, penye mchanga wazi na mawimbi, ingawa hiyo haiondoi hatari yote. Mtoto akianza kuumwa tumbo ao kutoa damu chooni majuma ao miezi baadaye, mwambieni muganga kwamba aliogelea ziwani. Dawa iko.

Wengine mmetaja Moba na Mpala, upande wa kusini. Ni kuzuri, hatukatai. Mpala ni moja ya misioni za zamani kabisa za ziwa hili, mapadri weupe waliipokea mwaka 1885. Moba ina bandari chini, na Kirungu juu ya kilima na kanisa lake kubwa. Lakini Moba ni zaidi ya kilomita 100, si safari ya siku moja. Na hii miezi ya kiangazi upepo wa kusini unakuwa mkali, mawimbi yanakuja makubwa. Mnajua ni jamaa ngapi zimelia katika mji huu kwa sababu ya boti iliyojaa kupita kiasi. Kama hakuna jile la kuelea kwa kila mtoto, msipande. Kama mwenye boti anacheka mkiuliza majile, shukeni.

Jambo lingine linatuhusu sisi wenyewe. Kwenye pwani nyingi mtakuta ndagala zimeanikwa. Msikanyage, na msiache watoto wacheze mpira pale. Mchanga ukiingia kwenye ndagala, bei inaanguka, na bei hiyo ndiyo minerval ya mtoto wa mtu. Tumesikia wengine wakisema wamama wa ndagala waondolewe pwani ili wageni wapate mahali pasipo harufu. Hatukubali. Wageni wanakuja siku moja, wamama hawa wako pale kila siku, na ndio waliotuonyesha pa kuogesha watoto. Harufu mtaizoea kabla bugali haijaiva.

Nunueni kwao papo hapo, asubuhi mitumbwi inaporudi. Mikebuka ya kuchoma na pilipili na ndimu, na sombe mliyoipika nyumbani, inatosha jamaa nzima. Bebeni mkaa wenu na mfuko wa kurudishia takataka. Na kabla ya kuchagua siku, angalieni mwezi. Wavuvi wanavua ndagala usiku kwa taa, na mwezi mpevu unaharibu kazi yao, basi siku hizo wengi wanapumzika na samaki ni wachache na wa bei. Mwezi ukiwa mwembamba, bakini kidogo hadi giza liingie: taa za mitumbwi zinajipanga juu ya maji mpaka mtoto anauliza ule ni mji gani.