Safu ya Nje

Betri ndiyo iliyoanza. Kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaikuta betri ya nikeli na kadimiamu, mfano wa kipipa kidogo, imechomewa hapohapo ili saa na mipangilio visipotee umeme ukizimwa. Ikizeeka huvuja. Kinachotoka si tindikali, kama wengi wanavyodhani. Ni alkali, ndugu wa magadi. Hutambaa polepole chini ya rangi ya ubao, ikila shaba na kuacha ukungu wa kijani.

Ya Mama ilikuwa imevuja hadi kwenye soketi ya prosesa.

Mashine yenyewe ni 486 DX2 ya megahezi 66. Mama aliinunua mwaka 1996, ikiwa imetumika, kwa ajili ya kibanda chake cha kazi za chapa hapa Tanga: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mikataba ya viwanja. Baadaye ikakaa miaka juu ya kabati, ikila hewa ya chumvi. Mafaili nilishayahamisha zamani. Hayo hayakuwa tatizo. Tatizo ni macho. Mama ana presha ya macho, ugonjwa ulioanza kumla uoni wa pembeni ukamwachia wa katikati, na sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kwenye kompyuta mpakato yangu, mshale wa kipanya ulikuwa unampotea kila dakika. Akaacha kuandika. Barua kwa dada yake aliyeko Pangani akawa anamtamkia mjukuu, na mjukuu anafupisha.

"Ile yangu haikuwa na mshale," aliniambia. "WordPerfect 5.1. F10 unahifadhi, F7 unatoka. Vidole vinajua."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshataja bei, kwa sababu ya dhahabu iliyomo kwenye prosesa. Kaka akasema tuuze. Nikaomba wiki moja.

Kwanza niliikata betri. Kisha siki na mswaki laini, kwa kuwa siki ni asidi hafifu na hutuliza alkali. Ilitoa povu dogo. Nikasuuza kwa maji safi ya kuongezea betri za magari, nikamalizia na spiriti, nikaacha feni ikaushe usiku kucha.

Soketi 3 ina matundu 237. Nilinyanyua mkono wake wa pembeni, nikabandua kifuniko cha juu kwa kisu chembamba, nikahesabu kwa kioo cha kukuzia. Matundu 11 yalikuwa yameota kijani. Lakini prosesa ya Mama ina miguu 168 tu. Safu ya nje, inayoizunguka pande zote nne, iliwekwa kwa ajili ya Pentium OverDrive, prosesa ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Kati ya yale 11, matundu 8 yalikuwa huko. Uharibifu ulianzia pembeni, na pembeni hapakuwa na kazi.

Matatu yaliyobaki yalinichukua siku mbili. Mawili yalirudi kwa mswaki, na kwa kufunga na kufungua soketi mara nyingi prosesa ikiwa ndani, maana kila ukifunga, kibano hukwangua kidogo mguu kinaoushika. La tatu lilikuwa safi, lakini mita haikulia: njia yake ya shaba chini ya rangi ilikuwa imekatika. Shaba iliyoliwa hairudishwi na siki. Nikachomea uzi mmoja mwembamba wa waya upande wa chini, kutoka mguu wa soketi hadi pale njia ilipokuwa bado nzima.

Daktari wa macho alimwambia Mama: kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Siku ile kliniki, maneno hayo yalinikaa kifuani. Juu ya ubao ule yaligeuka kuwa maelekezo ya kazi.

Betri mpya niliiweka mbali, mwisho wa waya, ili hata ikivuja isiufikie ubao. Nikaingiza upya namba za diski. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi.

Mama alivuta kiti. Nilitaka kumwelekeza vidole kwenye kibodi, akauondoa mkono wangu.

Barua kwa mama mkubwa ilifika kurasa tatu. Nilipoichapisha, aliikunja kabla sijaisoma.