Kuvu na Dawa ya Kutuliza

Hapana mtu apitishaye siku bila ya kuvuta mbegu za kuvu kifuani mwake. Mbegu za aspergilasi, zisizoonekana kwa jicho, zimo katika vumbi, majani makavu, nafaka iliyovunda na kuta zenye unyevu. Mwaka 1729 Pier Antonio Micheli, padri na mwanabotania wa Florence, aliiona kuvu hii katika darubini, ikamkumbusha chombo cha kanisani cha kunyunyizia maji ya baraka. Akaipa jina la chombo hicho. Jina lina baraka; mwenye jina hana baraka daima.

Kwa mtu mwenye afya mbegu hizi hazina madhara. Utando wa njia za pumzi huzizuia, na chembe nyeupe za damu huzimeza. Lakini influenza kali huuchubua utando ule na kuzidhoofisha chembe zile. Mlango umevunjika, na mlinzi amejeruhiwa.

Steroidi ni dawa yenye heshima. Tangu mwaka 1948, Philip Hench na wenzake wa Marekani walipomtibu kwa kotizoni mgonjwa aliyelemazwa na baridi yabisi, dawa za jamii hii zimetuliza uvimbe na kufungua vifua vya wenye pumu. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi kati ya wagonjwa wa korona waliopumua kwa mashine. Si ajabu, basi, tabibu akeshaye kando ya mgonjwa wa influenza anayetweta akatamani kuinyoshea mkono dawa ile ile.

Lakini ugonjwa mmoja si ugonjwa mwingine. Steroidi hutuliza uvimbe kwa kumtuliza mlinzi, na mlinzi aliyetulizwa hamfukuzi mwizi. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliotangazwa mwaka 2018 ulichungua wagonjwa mahututi 432 wa influenza waliolazwa tangu 2009 hata 2016. Kati yao 83, karibu mmoja katika kila watano, waliingiwa na kuvu mapafuni. Katika siku 90 walikufa 51 kwa mia ya wenye kuvu, na 28 kwa mia ya wasio nayo. Matumizi ya steroidi yalifuatana na hatari kubwa zaidi. Kweli, mara nyingi dawa hii hupewa aliye taabani zaidi, na kwa hiyo lawama yote haiwezi kutwikwa dawa peke yake. Hata hivyo, onyo limetolewa.

Msiba wa kuvu ni kuwa hujificha katika vazi la mwingine. Homa ikizidi na pumzi ikipungua, hudhaniwa kuwa ni influenza inayoendelea. Adhaniaye ndiye kumbe siye. Tabibu mwangalifu hupitisha mpira mwembamba mpaka mapafuni, akayaosha kwa maji kidogo, akayapima maji yale. Kuvu ikionekana mapema, dawa ya kuiua, kama vorikonazoli, huweza kumwokoa mgonjwa.

Wala isidhaniwe kuwa steroidi ni sumu. Mwenye pumu aliyebanwa kifua anaihitaji, na kumnyima ni kumdhulumu. Lakini kumpa mgonjwa wa influenza kwa sababu tu ilimfaa mgonjwa wa korona ni kubahatisha uhai usio wa mtoaji. Huruma humfanya tabibu atake kutenda jambo. Elimu humwuliza kwanza jambo lile litamfungulia nani mlango.